Kizibo Kilichonuka Kitunguu Saumu

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali zamani ya juzi tu, palikuwa na boti la matanga lililozeeka. Sogeeni wote, hata mlio mlangoni, kwa sababu mwishoni nitauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia mwanzo.

Boti hilo lilikuwa la babu mmoja wa Kizungu aliyeitwa Hendriki. Aliliendesha peke yake miaka ishirini na miwili kwenye bahari kuu, zile ambazo ukitazama mbele huoni nchi kavu na ukitazama nyuma huoni nchi kavu. Ubavuni liliandikwa Albatrosi. Watu wa Mtandikeni, kijiji chetu, waliona jina hilo linachosha ulimi, wakalikata. Likawa Bata. Lilipoingia kwenye ghuba yetu kutengenezwa mlingoti, Babu Hendriki alisema atakaa wiki mbili. Akakaa miaka sita, na watu wakasema mzee anakula bata ndani ya Bata.

Na Bata lilikuwa na vitu. Lilikuwa na matanga sita, nanga tatu, na dira mbili ambazo hazikuwahi kukubaliana. Lilikuwa na mashine ya kugeuza maji ya bahari yawe ya kunywa, iliyotoa vikombe viwili kwa siku, na vyote viwili vilikuwa na ladha ya betri. Babu Hendriki aliyapenda hayo yote. Kiswahili alijifunza kwa kitabu, na kitabu kilimwambia kwamba boti ni chombo, na vifaa vya boti ni vyombo. Kitabu hakikukosea. Lakini Mtandikeni ukisema vyombo, watu wanafikiria sufuria.

Hilo mlikumbuke.

Watu watatu walifanya kazi kwenye Bata.

Wa kwanza alikuwa mpishi, Bi Sikujua. Hilo ndilo jina lake kweli, alipewa na bibi yake. Alikuwa mjane anayeishi kwa kaka yake, na alilala stoo pamoja na magunia ya mkaa. Wifi yake akitaka mkaa aliingia bila kubisha, akamruka miguu, akachota, akatoka. Bi Sikujua alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: mlango wenye komeo upande wa ndani.

Wa pili alikuwa mlinzi, Mbwana. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya sitaha na kutazama. Hakujua kuogelea, ila alikuwa amemwambia baba wa mchumba wake kwamba yeye ni nahodha. Baba wa mchumba alijibu, "Vizuri sana. Baada ya Idi nitakuja na ndugu zangu tukione hicho chombo chako." Tangu siku hiyo Mbwana akawa anahesabu siku za kufika Idi kama mtu anayesubiri sindano.

Wa tatu alikuwa Fundi Faki, Mpemba, mshona matanga. Kusema kweli alikuwa mshona kanzu, lakini alisema kitambaa ni kitambaa. Binti yake aliolewa Ngazija, ng'ambo ya bahari, akazaa watoto wawili ambao Fundi Faki aliwajua kwa sauti za simu tu. Alitamani siku moja avuke akawashike mashavu, ingawa yeye alitapika hata kwenye mtumbwi uliofungwa.

Sasa sikilizeni makosa yao, maana kila mmoja alikuwa na lake.

Chini ya sinki la Bata palikuwa na mpira wa kupitishia maji machafu, unaoshuka mpaka kwenye tundu la chini ya boti, na kwenye tundu palikuwa na koki. Kando ya koki Babu Hendriki alikuwa amefunga kizibo cha mti kwa uzi, chembamba mbele na kinene nyuma, ili siku mpira ukichomoka mtu akipachike haraka kabla bahari haijaingia. Bi Sikujua alikiona. Akakishika, akakipima mkononi.

"Mchi mzuri hivi," alisema, "umefichwa chini ya sinki. Jiko likipangwa na mwanamume ndiyo hivi."

Akakata uzi, akatwangia vitunguu saumu mwaka mzima.

Kosa la Fundi Faki lilikuwa hili. Bata lilikuwa na pampu ya kutolea maji, na pampu ilikuwa na mpini wa chuma. Dirisha la kibanda chake cha ushonaji lilikuwa linaanguka, na mpini ule ulilishikilia vizuri kabisa. "Nauazima tu," alisema, "kesho narudisha." Kesho ikachukua miezi mitatu.

Na Mbwana alikatazwa kushuka chini wakati wa kazi. Lakini chini kulikuwa na godoro la Babu Hendriki, na juu kulikuwa na jua.

Basi siku moja Babu Hendriki alikwenda mjini kutibiwa macho. Kabla ya kuondoka alisema, "Bi Sikujua, tafadhali osha chombo." Alimaanisha boti, kwa sababu ubavu wote ulikuwa na ukoga wa kijani.

"Chombo kimoja tu, Babu?"

"Kimoja tu. Lakini ni kikubwa, kitachukua siku nzima."

Bi Sikujua alifikiri, kisha akalitoa sufuria kubwa la pilau. Alilisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa kifuu, mpaka ungeweza kujitazama na kufunga kilemba. Maji machafu yalipogoma kushuka, aliifungua koki mpaka mwisho, akautikisa ule mpira mzee, akauvuta, akaukaripia. Maji yakashuka. Akachukua kinu chake na mchi wake, akarudi pwani kupika chakula cha mchana. Koki hakuifunga.

Mpira ulivumilia kidogo, kisha ukachomoka.

Mbwana alikuwa amelala kwenye godoro la chini. Alikuwa anaota baba mkwe anammwagia maji ya kunawa mikono, na maji hayaishi. Akaamka, mgongo umelowa. Jambo la kwanza alilowaza ni kwamba hili asimwambie mtu. Jambo la pili aliziona ndala zake zinapita, moja, halafu ya pili.

Alipanda juu mbio, akashika kengele ya shaba, akaipiga kama amelipwa kwa kila mlio.

Pale pwani Bi Sikujua alisikia. Lakini Mbwana alikuwa na desturi ya kupiga kengele akiwa na njaa.

"Subiri," alimwitia. "Wali haujakauka."

"Maji, mama."

"Maji yako kwenye mtungi, nyuma ya mlingoti."

"Siyo hayo. Maji ya bahari."

"Sasa ya bahari si ndiyo unayoelea juu yake, kapteni? Ulitaka uelee kwenye nini?"

"Yako ndani."

Hapo Bi Sikujua akaacha mwiko. Kwenye maji alikuwa anapita Fundi Faki na mtumbwi wake, akielekea Bata. Alikuwa anarudisha mpini. Msimsifu haraka, maana alikuwa anaurudisha ili aombe kuazima kitu kingine, kamba ya kuanikia kanzu. Bi Sikujua alijitosa mpaka magotini, akapanda mtumbwini, mchi wa vitunguu bado uko mkono wa pili.

"Piga kasia, Fundi."

"Dada, usitikise, mimi tumbo langu."

"Tumbo utalitengeneza kesho. Hiyo si ndiyo siku yako?"

Walipofika, maji ndani yalikuwa ya magoti. Bi Sikujua alipiga mbizi chini ya sinki, akapapasa, akalipata tundu, na akajua papo hapo mchi wake ulikuwa wa nini. Akaupachika, akaugonga kwa kisigino. Maji yakakoma. Fundi Faki akachomeka mpini kwenye pampu, akasukuma, akatapika, akasukuma. Mbwana akashika lile sufuria la pilau linalong'aa, akachota na kumwaga, kuchota na kumwaga. Kufika alasiri Bata lilikuwa limekauka, ila lilinuka kitunguu saumu kuanzia omo ya mbele mpaka tezi ya nyuma.

Babu Hendriki alirudi na bandeji kwenye jicho moja. Walimweleza kila kitu, kila mmoja akianza na kosa la mwenzake. Alicheka mpaka bandeji ikabanduka. Halafu akaibandika tena.

"Daktari anasema bahari basi," alisema. "Kesho mwanangu ananichukua kwa ndege. Watu wa kununua maboti ya zamani walikuja, wakapiga picha. Wanataka kulivunja, nanga iende huku, tanga liende kule. Sitaki. Chombo hiki nitampa mmoja wenu, yule aliyekiokoa. Chombo na vyombo vyake vyote, visitengane. Kizibo kibaki na tundu lake, mpini ubaki na pampu yake."

Akaweka ufunguo mezani. Ulifungwa kwenye kipande cha boya ili ukianguka majini uelee.

Mbwana akatangulia. "Babu, ni mimi. Nisingepiga kengele, hawa wangekuta mlingoti tu umesimama kama kijiti cha mshikaki."

"Wewe ulikuwa umelala," alisema Fundi Faki.

"Ndiyo, na ndiyo maana nilijua. Ningekuwa macho kule juu, Bata lingezama mimi natazama ndege. Mgongo wangu ndio uliosikia."

"Basi wapewe mgongo na godoro," alisema Bi Sikujua.

Fundi Faki akasafisha koo. "Babu, ni mimi. Yale maji yaliyokwisha kuingia aliyatoa nani? Mpini. Mpini uliletwa na nani? Na huyu dada aliletwa na mtumbwi wa nani? Mbwana angeendelea kupiga kengele mpaka kengele yenyewe izame."

"Mpini ungekuwa hapa," alisema Mbwana, "ningeanza kusukuma zamani. Nimechota kwa sufuria mpaka mabega yanalia. Wewe umetuokoa kwa kitu ulichotuibia."

"Niliazima."

"Na leo ulikuja kuazima kamba."

Fundi Faki akaupangusa mpini kwa kanzu.

Bi Sikujua alikuwa anakamua kanga yake. Babu Hendriki akamwuliza, "Na wewe, Bi Sikujua, hukitaki chombo?"

"Nakushukuru, Babu, lakini lile sufuria ni kubwa mno kwangu. Napika peke yangu."

Wanaume wakatazamana. Mbwana akamwambia taratibu, "Mama, chombo ni Bata. Ni hili lote."

Bi Sikujua alitazama dari, akatazama vitanda, akatazama matanga yaliyokunjwa. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kile chumba cha mbele kina mlango?"

"Kinao," alisema Babu Hendriki.

"Komeo liko upande gani?"

"Ndani."

Bi Sikujua akakaa chini. Alikaa kidogo, halafu akasimama, na aliposimama alikuwa mtu mwingine. "Basi, Babu, ni mimi. Piga kengele mwaka mzima, sukuma pampu mwaka mzima, bahari haiishi. Aliyeiambia bahari basi ni mimi. Na kisigino changu mpaka sasa kinauma."

"Lakini mama," alisema Mbwana, "koki uliiacha wazi wewe."

"Nami nilitumwa kuosha chombo nikaosha chombo. Kama ni kosa, mwulizeni na aliyenituma."

Babu Hendriki akainamisha kichwa. "Ni kweli," alisema. "Kosa la kwanza ni langu. Ningesema boti, haya yote yasingetokea. Kwa hiyo mimi sifai kuamua."

Akauacha ufunguo pale mezani, akapanda juu kufunga mizigo yake.

Mimi nimeliwaza jambo hili nikichota maji, nimeliwaza nikichambua mchele, na kila nikimpa mmoja wawili waliobaki wananinunia. Nikimpa Mbwana, namzawadia mtu kwa kulala. Nikimpa Fundi Faki, namzawadia kwa kurejesha kilichokuwa cha watu. Nikimpa Bi Sikujua, namzawadia kwa kuziba tundu alilolifungulia bahari mwenyewe. Na nikiwanyima wote, Bata linakatwa vipande. Kizibo kiko palepale, kimebana, na hadi sasa hakuna aliyethubutu kukichomoa, ingawa Bi Sikujua hana tena kitu cha kutwangia.

Baba mkwe atafika na ndugu zake. Wajukuu wako Ngazija, wanakua. Na kule stoo, wifi amekwisha kuingia tena kuchota mkaa. Ufunguo uko mezani, mikono iko mitatu, na gari la kumchukua Babu limepiga honi.

Je, ninyi mlioketi hapa, nani aliliokoa Bata, na nani auchukue ufunguo?