Bi Nungunungu na Kura ya Jirani

Paukwa!

Pakawa!

Hizo ni sauti za usingizi. Na nyinyi wakubwa mwitikie, msijifanye mna shughuli. Paukwa!

Pakawa!

Zamani, zamani hasa, wanyama walipokuwa bado wanasemeshana, palikuwa na bonde lenye chemchemi moja. Simba alikunywa hapo. Panya alikunywa hapo. Na kwa kuwa wote walikunywa hapo, kila mwaka masika yakiisha walipiga kura kumchagua mwangalizi wa chemchemi.

Ah, siku ya kura ya zamani hizo, ilikuwa siku. Hakuna aliyemla mwenzake. Simba alipanga foleni nyuma ya swala, akameza mate, akatazama mawingu. Kina mama walikuja na mizizi na matunda, wakala pamoja, wa upande huu na wa upande ule. Fisi alicheka tangu asubuhi na hakuna aliyemuuliza anacheka nini. Siku hizi mtu anapiga kura anakimbilia kwake kama ameiba.

Katika bonde hilo aliishi Bi Nungunungu, mjane, mwenye miba mirefu na maneno mafupi. Shimo alimolala alichimbiwa na jirani yake, Mzee Mhanga, mla mchwa. Huyu Mhanga alikuwa fundi wa kuchimba. Akifurahi alichimba, akikasirika alichimba. Ukimsalimu, alikuitikia huku anachimba. Kwaru, kwaru, kwaru.

Walipendana kwa ujirani wao, ila kwenye kura hawakuwahi kukubaliana. Mhanga alimchagua yeyote aliyeahidi kuchimba. Bi Nungunungu alimchagua yeyote aliyeahidi kuacha mambo yalivyo. Na kila mwaka walikwenda kituoni pamoja, wakibishana njia nzima.

Enzi za ujana wao, wanyama walipiga kura kwa kusimama nyuma ya mgombea wao. Mistari miwili ikatazamana. Mhanga mstari ule, Bi Nungunungu mstari huu, wanatoleana ndimi. Ulimi wa Mhanga mnaujua urefu wake, kwa hiyo upande huo alishinda kila mara. Baadaye ikaja desturi ya kutumbukiza kokoto kibuyuni, nyuma ya mkeka, usionekane na mtu. Ni desturi nzuri, humkinga mnyonge. Lakini Bi Nungunungu aliukumbuka ule mstari wa pili, wa kina Mhanga, akaukumbuka sana.

Sasa, mwaka huo waligombea wawili, Ngiri na Swala. Ngiri alisema ataichimba chemchemi iwe pana kama uwanja. Swala alisema maji yaachwe yalivyo, yabaki safi. Bi Nungunungu alikuwa na tumbo bovu. Kiangazi kilichopita alikunywa maji ya tope, akalala shimoni akidhani hatatoka tena. Kwa hiyo kura hiyo kwake haikuwa mchezo. Maji yakichafuka, hakujua kama atayaona masika mengine. Na bonde zima lilisema mwaka huu hakuna mwenye uhakika, kokoto moja itaamua.

Siku ikafika. Bi Nungunungu akampitia jirani yake kama kawaida. Akamkuta amelala nje, mguu umevimba, amechomwa na mwiba wa mgunga. Mhanga akamwambia atangulie, yeye mwaka huu haendi. Bibi akamwambia ainuke. Mhanga akasema mguu unauma. Bibi akasema amemwambia ainuke, hakuuliza habari za mguu.

Basi wakaondoka. Bibi mbele, chaka-chaka, chaka-chaka. Mhanga nyuma, anaburuta mguu, buru, buru. Wanatembea, wanapumzika. Wanatembea, wanapumzika. Jua nalo halipumziki.

Njiani wakakutana na Pimbi, wakala wa Swala. Pimbi akamvuta Bi Nungunungu kando, akamnong'oneza.

"Bibi, sikia. Huyu mzee humpigi, humfungi kamba. Wewe tembea mwendo wako tu. Asipofika, hiyo ni kura moja ya Ngiri imelala njiani. Na wewe unalijua tumbo lako."

Bi Nungunungu akalitazama jua, limeshaanza kushuka. Akajishika tumbo. Mniambie nyinyi mngefanya nini. Yeye alifanya hivi: akaongeza mwendo. Chaka-chaka-chaka, akapita kichaka, akapita kichuguu. Njia ikawa kimya. Hakuna anayemwambia Swala ni mwoga, hakuna anayesifia kuchimba. Miaka yote aliyokwenda kituoni hakuwahi kuusikia ukimya huo, na haukumpendeza hata kidogo. Akageuka, akarudi.

Mhanga akashangaa. "Mbona umerudi?"

"Siwezi kubishana peke yangu," akasema Bi Nungunungu. "Niegemee. Upande huu usio na miba."

Walipokikaribia kituo jua lilikuwa limegusa kilima. Msimamizi wa kituo alikuwa Mbuni, na sheria yake ilikuwa moja. Jua likizama, Mbuni husimama nyuma ya mnyama wa mwisho kwenye foleni. Aliye mbele ya Mbuni anapiga kura. Aliye nyuma ya Mbuni anakwenda kulala.

Bi Nungunungu akamwacha Mhanga akijikokota, akakimbilia mwisho wa foleni ashike nafasi. Jua likazama, zii. Mbuni akaja kwa hatua zake ndefu, asimame nyuma ya bibi. Mhanga bado yuko kule, buru, buru.

Bi Nungunungu akasimamisha miba yake yote. Cha-cha-cha-cha! Mbuni akaitazama miba, akaitazama miguu yake isiyo na nyoya hata moja, akarudi nyuma.

"Bibi, shusha miba nisimame."

"Mwanangu, miba hii ikisimama haishuki upesi. Ni uzee huo. Nivumilie."

Mbuni akajaribu kulia, miba ikageukia kulia. Akajaribu kushoto, miba ikageukia kushoto. Foleni nzima ikaangua kicheko, hata Simba. Na katika kicheko hicho Mhanga akafika, akajipenyeza nyuma ya bibi, akakaa chini puu. Miba ikashuka yenyewe. Mbuni akanuna, lakini sheria ni sheria. Akasimama nyuma ya Mhanga.

Wakapiga kura. Vibuyu vikamwagwa mbele ya wote, kokoto zikahesabiwa. Ngiri alishinda kwa kokoto moja.

Pimbi alimkodolea macho bibi, akaondoka bila kuaga. Bi Nungunungu aliinamisha kichwa. Iliuma, tena iliuma sana, na machozi yalimtoka. Wakarudi nyumbani, na mara hii hawakubishana.

Karibu na mashimo yao Mhanga akasema, "Nilimpa Ngiri."

"Najua."

"Ungeniacha njiani."

"Ningekuacha, ningekunywa maji safi na nani?"

Ngiri akaichimba chemchemi kama alivyoahidi. Ikawa pana kweli, na maji yakawa tope tupu. Bi Nungunungu akajifungia shimoni, koo limekauka, anaogopa kunywa.

Asubuhi moja akasikia kwaru, kwaru, kwaru. Akatoka. Akamkuta Mzee Mhanga na mguu wake mbovu, kando ya chemchemi, kwenye mchanga, amezama mpaka masikio. Amechimba kisima kidogo. Maji yalipita mchangani taratibu, yakaacha tope lake huko huko, yakaingia kisimani meupe pe.

"Mwakani nikiwa hai nitampa kura mchimbaji tena," akasema Mhanga. "Hilo ulijue. Lakini maji ya tope hunywi, maadamu mimi nipo."

Bi Nungunungu akainama, akanywa, akanywa mpaka akatosheka. Kisha akakizunguka kile kisima akikikagua.

"Umekichimba upande," akasema.

Mhanga akakataa. Bibi akashikilia. Wakabishana hapo mpaka jua likawa kali, na walikuwa na furaha, jamani, walikuwa na furaha.

Basi watoto, na nyinyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi, jueni hili: kura ya mwenzako ni yake, hata kama itakuangusha. Msaidie afike akaipige. Uchaguzi ukiisha, ni yeye utakayebaki naye.

Ngano yangu imekomea hapo. Aliyesinzia amuulize aliye macho.