Mkunde na Theluji Iliyoshuka Uani

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa hiyo ya wenye njaa au ya wenye usingizi? Haya, Elinami, toa kidole kwenye chungu, sogea motoni."

Hapo zamani za kale, juu kabisa mlimani, migomba inapokomea na msitu unapoanzia, aliishi mama mmoja, jina lake Mkunde. Alipika peke yake, akala peke yake, na usiku alijiambia "lala salama" mwenyewe.

"Hakuwa na ndugu, Bibi?"

Alikuwa naye. Kaka yake, Materu, aliishi chini kidogo. Maji ya mfereji waliyatumia kwa zamu. Siku moja, zamu ya Materu, Mkunde akayageuzia maji kwake. Migomba ya Materu ikakauka. Wakagombana, wakanuniana miaka saba.

"Miaka saba!"

Saba. Basi usiku mmoja Mkunde akaamka. Nje kimya, hata vyura kimya. Akafungua mlango. Lo! Theluji inashuka!

"Ile nyeupe ya kileleni?"

Ile ile. Siku zote hukaa kileleni, lakini usiku ule ilikuja mpaka uani kwake. Inashuka taratibu, inashuka, inashuka. Mkunde akatoka pekupeku. Akainua uso, ikamtua kwenye kope. Akatoa ulimi, ikayeyuka. Akacheka, mama mzima! Akazunguka uani mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Alikuwa na furaha, wanangu, furaha kubwa. Halafu akageuka amwonyeshe mtu. Hakukuwa na mtu.

"Uzuri huu, nitautazama na nani? Jua likitoka utayeyuka!"

Akaingia ndani, akauambia moto, "Moto, twende tukatazame."

Moto ukasema, "Mimi nikitoka nazimika. Nenda mwenyewe."

"Uzuri huu, nitautazama na nani?"

Akamwendea mbuzi wake, aliyelala humo humo ndani. "Mbuzi, twende tukatazame."

Mbuzi akanusa mlangoni, akarudi. "Inalika?"

"Hailiki."

"Basi nenda mwenyewe."

Msicheke, mwenzenu analia! Mkunde akashuka mbio mpaka kwa Materu. Akagonga. "Kaka, toka, theluji inashuka!"

Materu akajibu akiwa kitandani, "Wewe ni mwizi wa maji. Leo umekuja kuiba usingizi? Nenda mwenyewe."

"Uzuri huu, nitautazama na nani?"

"Akarudi kwake, Bibi?"

Alikaribia kurudi. Ila pale mpakani palikuwa na ua wa isale. Mnajua isale?

"Jani la kuombea msamaha!"

Ndilo. Ukiletewa jani la isale, huwezi kukataa, hata kama moyo unachemka. Miaka saba Mkunde alipita kando ya ua ule kila siku, na hata siku moja hakuchuma. Aliona haya. Usiku ule akachuma jani moja, limejaa theluji. Akagonga tena.

"Kaka, nilikukosea. Zamu ilikuwa yako. Jani hili hapa."

Komeo likalia. Materu akatoka, mvi kichwa kizima. Mkunde alikuwa hazijui mvi zile. Kaka akalipokea jani kwa mikono miwili.

"Theluji iko wapi, dada?"

Mkunde akatazama. Jani lilikuwa na maji tu. Wakapanda mbio mpaka uani kwake. Anga limetakata, ardhi imelowa, jua linachomoza. Hakuna theluji.

"Aaah, Bibi!"

Nami nasema aaah. Mkunde akalia. "Umechelewa, kaka."

"Tumechelewa wote," alisema Materu. Akaketi kizingitini. "Haya, niambie ilivyokuwa."

Usiku uliofuata Materu alikuja, wakaketi mlangoni wakingoja. Na uliofuata. Na uliofuata. Theluji haikushuka tena mpaka wakazeeka. Lakini hakuna usiku ambao Mkunde aliketi pale peke yake.

Basi, wanangu, ukimkosea mtu, mpelekee jani mapema, kabla theluji haijayeyuka. Ngano yangu naifukia hapo jivuni. Kalaleni, na kila mmoja amwambie mwenzake "lala salama."