Sakafu ya Mhando

Mtu mmoja alikuwa na nyumba isiyo na sakafu na mtoto asiyetembea, na vyote viwili vilimnyima usingizi. Jina lake Mhando. Mtoto alimpata baada ya kungoja sana, akampenda kupita kiasi, na hapo ndipo alipoharibu. Nasema wazi, maana wapo hapa wanaofanya kama yeye.

Aliogopa mtoto asije akaanguka, basi hakumruhusu kugusa chini. Kutwa alibebwa, na asipobebwa aliketishwa ndani ya kapu lililojazwa nguo, kama yai. Aliogopa asije akashtuka, basi nyumba nzima ilinong'ona. Hakuna aliyempigia makofi wala kumrusharusha magotini. Mkewe, Mwanakombo, akianza tu kumwimbia, Mhando aliweka kidole mdomoni: "Shii! Utamchosha."

Mtoto aliitwa Mbwana. Wenzake waliozaliwa naye mwezi mmoja walikuwa wanakimbiza kuku. Yeye alikaa pale alipowekwa, kimya, akitazama. Hospitali walimpima, wakasema miguu mizima, masikio mazima, mrudisheni nyumbani akacheze. Mhando alisikia "mizima", hilo la kucheza likampita. Majirani wakaanza kunyamaza kila Mwanakombo alipofika kisimani. Mama wa mtoto anajua ukimya wa namna ile unasema nini.

Basi Mhando akafikiri, akapata jawabu lake mwenyewe. Akasema kosa ni la ardhi. Humu ndani kuna mashimo matupu, mtoto gani atajaribu kusimama? Akipata sakafu laini, atatembea. Akachimba udongo wa kichuguu, akauchanganya na mchanga, akaulowesha, akaumwaga chumba kizima. Kisha akawaita wanawake waje kuupiga. Kwao sakafu hupigwa na wanawake waliosimama safu, kila mmoja na gogo lake la kupigilia, wakipiga na kukanyaga huku wanaimba. Aliyewaongoza alikuwa shangazi yake mwenyewe, Bi Siwema, mwanamke mwenye mdomo na mwenye nguvu.

Wamejipanga tu, Mhando akatokea mlangoni, kidole mdomoni.

"Shangazi, leo pigeni bila kuimba. Mtoto amelala."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akauliza kama wanaruhusiwa kupumua. Lakini nyumba ni yake, wakapiga kimya.

Ikawa vurugu. Huyu anainua gogo, yule anashusha. Huyu anapiga palipokwisha kupigwa, yule anapiga kidole cha mwenzake. Huku kikaota kilima, kule likafunguka shimo. Mikono ikachoka mapema, na jua lilikuwa linaingia dirishani. Udongo wa sakafu una wakati wake wa kupigwa, nao ni mfupi. Ukikauka kabla haujashikana, hupasuka, na kuubomoa uanze upya ni kazi ya machozi.

Bi Siwema akatupa gogo lake chini.

"Mhando, udongo hauna shida, na sisi hatuna shida. Shida ni hicho kidole chako mdomoni! Kitoe, au ubaki na mashimo yako."

Mhando aliitazama sakafu inavyoharibika. Akakitoa.

Bi Siwema akaita: "Udongo, lala!" Safu ikajibu: "Lala!" na magogo yote yakashuka pamoja, puu! Nyumba ikatikisika. "Udongo, lala!" "Lala!" Puu! Wanawake wale wale, mikono ile ile, na sasa udongo ukawa unatii.

Mtoto akaamka. Mhando alimkimbilia chumba cha pili, akamnyakua kutoka kapuni, tayari kumtuliza. Mtoto hakuwa analia. Kila puu ilipotua, miguu yake ilirukaruka hewani. Kisha akaanza kumpiga baba yake kifuani kwa kiganja, mara anawahi, mara anachelewa, mpaka akaipata, puu na kiganja vikatua pamoja. Akacheka kwa sauti kubwa. Mhando alikuwa hajawahi kukisikia kicheko kile. Akasimama pale pale, hajui la kufanya.

Mwanakombo alilijua. Akamtwaa mwanawe mikononi mwa mumewe bila kuomba ruhusa, akamsimamisha mwisho wa safu, amemshika mikono yote miwili. "Dede, baba, simama dede!" Magoti yakakunjika, yakanyooka, yakakunjika tena. Akaangukia matako kwenye udongo mbichi. Mhando akapiga ukelele. Safu ikamcheka, na wimbo haukukatika. Mtoto aliangalia huku na huku, akaona hakuna aliyeogopa ila baba, akanyoosha mikono ainuliwe tena.

Hakutembea siku ile. Asije mtu akasema nimesimulia muujiza, mimi sipendi uongo. Sakafu ile ililoweshwa tena na kupigwa siku baada ya siku mpaka ikashikana, na kila safu iliposimama, Mbwana naye alisimamishwa. Alianguka hapa, akaanguka pale. Mwanzo alishikwa mikono, kisha mkono, kisha akawa anajishikia mwenyewe kanga ya Bi Siwema. Sakafu ilipokauka kabisa alikuwa anaivuka peke yake, mlango hadi mlango. Neno lake la kwanza lilikuwa "Lala!" na alilitoa kwa kelele alfajiri, watu wamelala kweli. Baba yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwitikia.

Sasa sikilizeni, maana sikuja hapa kuzungumza habari za udongo. Udongo mbichi ni miaka ya kwanza ya mtoto. Magogo ni miguu yake, mikono yake, masikio yake na ulimi wake, kila kimoja kinataka kwenda kivyake. Wimbo na kurukaruka ndivyo vinavyovikutanisha. Na kapu lile la nguo ni mapenzi yetu tunapoyachanganya na woga na uvivu. Siku hizi lina kioo, na jioni tunalichaji.

Basi nakuuliza wewe uliyenipa mkono pale mlangoni ukajisifu kwamba mwanao ni mtulivu sana, hana usumbufu: jana alicheza kwa wimbo wa nani?