Jina la Mtoto wa Subilaga

Hapo zamani, si ile ya fisi na sungura, zamani ya juzi tu, Tukuyu palikuwa na kikundi cha wachangia damu. Majina yao, namba za simu na aina za damu vyote vilikaa kwenye diski moja ya kuchomeka, imefungwa kwa nywila. Mtunzaji Mama Tusekile. Aliwaapia: siri ya damu yenu haitoki kwangu.

Siku hiyo Subilaga yuko leba. Damu inamwishia, aina yake O hasi, na hospitalini damu hiyo haipo. Daktari akamwambia mumewe, Ambakisye, "Nitafutie mtu kabla ya saa kumi."

Ambakisye mbio kwa Mama Tusekile. Diski ikachomekwa. Inawaka, inazima. Inawaka, inazima.

Wakaipeleka kwa Lusajo, fundi simu. Lusajo akashika waya, akaukunja, akausikiliza utadhani unaongea. "Mama, hii diski ina njaa. Waya umekatika ndani, umeme haufiki." Akabadilisha. Diski ikatulia, ila kompyuta ikaandika: diski haijafomatiwa, uifomati? Kidole cha Lusajo hicho, kinaenda kwenye ndiyo.

"Toa mkono," akasema Bupe, mpiga video za harusi, kaja kuchukua simu yake tu. "Imefungwa hiyo. Kompyuta inaona vurugu, inadhani ni tupu. Ukikubali, inafuta kila kitu, umemzika mke wa mtu."

"Kwani we fundi?"

"Mimi nilishafomati harusi ya watu. Nilihama mtaa."

Bupe akaipima, akakuta kuna sehemu zimekufa. "Tusiilazimishe. Tuinakili yote ilivyo, panapokataa turuke." Diski ya kunakilia hakuna. Akatoa yake, ina video za miaka minne, zikiwemo za mwisho za baba yake akiwa hai. Akauliza saa ngapi. Saa sita. Akafuta zote.

Saa nane nakala tayari, imefungwa vilevile. Mama Tusekile akajifunika kanga, yeye na kompyuta, akaandika nywila humo humo. Maneno kumi na mawili, yote ya kichwani. Orodha ikafunguka, ina mapengo, lakini O hasi mmoja kabaki: Mwakatobe, muuza ndizi. Akapigiwa, akaja, akatoa damu. Subilaga akapona, mtoto akalia.

Sasa ukoo wa Ambakisye una desturi yao: aliyemuokoa mzazi, mtoto anabeba jina lake. Jina moja tu. Mwakatobe akajitoa mapema: "Damu natoa kila mwaka, sijawahi kudai mtoto."

Lusajo akasema, "Bila waya wangu mngenakili nini?"

Bupe akasema, "Bila mimi ungefuta. Na sauti ya baba sinayo tena."

Mama Tusekile akasema, "Bila nywila yangu mngekuwa mmeshika bati." Akaongeza: "Ila niseme na hili. Juzi niliichomoa ikiwa bado inaandika, nikaificha kwenye ndoo ya unga, wajukuu wasiichezee. Hizo sehemu zilizokufa, nadhani ni mimi."

"Heh. Aliyeiua ndiye apewe mtoto?" Lusajo akasema.

"Na wewe uliyetaka kuimalizia?" Bupe akamjibu.

Ambakisye kashika kadi ya kliniki. Nafasi ya jina iko wazi, na nesi anataka kalamu yake. Nyie mnaonisikiliza, mngekuwa yeye, mngeandika jina la nani?