Daftari la Kunguru na Mtoto wa Pekee

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mnaitwa shaurini? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho. Hapo zamani za kale, ndege walipokuwa makarani na watu wakiwaogopa, daftari la vizazi liliibwa.

Mwenyewe alikuwa Kunguru, karani wa mji. Alipiga kelele mpaka manyoya yakamdondoka. "Mji bila daftari si mji! Ni watu tu!"

Panya watatu wakasema wamemwona mwizi. Ni Doto mfinyanzi, binti wa Bi Minza.

"Ni yeye!" akasema wa kwanza.

"Ni yeye!" akasema wa pili.

"Ni yeye, hata mwendo ni wake!" akasema wa tatu.

"Nilikuwa nachoma vyungu!" akalia Doto.

"Vyungu havitoi ushahidi," akasema Kunguru.

Kiboko, hakimu, akakohoa. Hukumu: jua likifika utosini, Doto atupwe kwa mamba. Na jua, jamani, lilikuwa linakimbia!

Kunguru akaliita jina la mshtakiwa mara tatu, ndio utaratibu. "Doto binti Minza, mtoto wa pekee! Doto binti Minza, mtoto wa pekee! Doto binti…"

"Ngoja kwanza," akasema Bi Kanga, mfagiaji wa baraza, mama wa vifaranga kumi na tano. "Doto huzaliwa nyuma ya Kurwa. Pacha. Huyu Kurwa wake yuko wapi?"

Baraza zima likageuka kumtazama Minza. Miaka ishirini na mitano jina lilikuwa likipiga kelele, ila muhuri wa daftari ulikuwa na sauti kubwa zaidi.

"Minza," akauliza Kiboko, "Kurwa yuko wapi?"

Minza kimya.

"Minza, Kurwa yuko wapi?"

Jua likapanda. Mamba wakasogea ukingoni, wakapiga miayo.

"Minza! Kurwa yuko wapi?"

Minza akapiga magoti. "Nilimtoa! Mwaka wa njaa, kwa wapita njia, kwa kapu la mtama. Kisha nikahamia huku na mmoja mgongoni, nikasema ndiye pekee. Lakini jina nilishindwa kulibadilisha." Akageukia umati, akapaza sauti: "Kurwa! Kurwa! Kurwa!"

"Abee!"

Mwanamke aliyejitanda shuka nyuma ya umati akaziba mdomo wake. Umechelewa, dada! Akageuka akimbie, shuka likaanguka. Lo! Uso wa Doto, mwendo wa Doto, na kwapani daftari.

"Walionilea waliniachia jina langu, na la mama yangu wakaniambia: Minza," akasema. "Nikaiba daftari nimtafute. Nikasoma: Minza, mtoto mmoja, Doto. Nikajua mimi ni nani: pacha aliyefutwa. Nimekuja kumtazama aliyenitoa, niondoke. Sikuja kuitika."

"Mkamateni!" akafoka Kunguru.

Kiboko akafumbua jicho moja. "Karani, daftari lako linasema Minza ana watoto wangapi?"

"Mmoja!"

"Labda ulikosea?"

Kunguru akavimba kama kibofu. "Daftari langu halikosei! Halijakosea! Halitakosea!"

"Vema. Basi Kurwa hayupo. Asiyekuwepo hawezi kuiba. Na kama hayupo, na daftari halikukutwa kwa Doto, panya hawa wamemwona nani?"

Panya wakatazama mikia yao.

"Hawajamwona mtu. Na daftari limerudi. Shauri limekwisha. Mamba, nendeni mkale samaki."

Doto akamshika pacha wake mkono, hakuuachia mpaka nyumbani. Minza akafuata nyuma.

Siku ya kwanza Kurwa hakusema neno. Siku ya pili hakusema neno. Siku ya tatu akaonja uji, akakunja uso.

"Mama, mbona hauna chumvi?"

Minza akalia, akacheka, akaitafuta chumvi ilhali ameishika mkononi.

Na mimi hadithi yangu nimeitua hapa. Mwenye swali amwendee Kunguru, ila aende na barua.