Mzazi Kabla ya Kuzaa

Acheni kuguna. Na wewe wa benchi la tatu, usimfinye mwenzako, nimekuona. Hata sijaanza mmeshasema bibi huyu ana uongo. Mkimaliza kutoamini, sikilizeni.

Kulikuwa na mama mmoja, mke wa mwanawe ana mimba ya kwanza. Mnajua desturi yetu: mzazi anafungiwa ndani miezi mitatu, analetewa mtori wa ndizi na nyama, hashiki jembe wala ndoo. Desturi nzuri, nami nimeila mara saba. Lakini huyu mama akaona kujifungua ni mbali. Mimba ina miezi mitano, tayari mkwe kalazwa kitandani, bakuli la mtori asubuhi, bakuli jioni, miguu juu ya mto. Yaani anamlea mzazi ambaye hajazaa!

Siku ya kliniki mkunga akampima, akatikisa kichwa.

"Dada, sukari yako imepanda, na mtoto anakula hiyo hiyo. Akinenepa kupita kiasi, kutoka itakuwa vita. Presha yako nzuri, hutoki damu, huna maumivu. Punguza hayo mabakuli, na utembee nusu saa kila siku. Ukitembea wewe, na moyo wake humo ndani unapata nguvu."

Mkwe akarudi, akasema aliyoambiwa. Mama akapiga makofi.

"Mjukuu wangu atikiswe kama maziwa kwenye kibuyu? Lala!"

"Mama, ng'ombe wako si ana mimba?"

"Anayo. Mwezi wa saba huu."

"Mbona kila asubuhi unamtoa bandani, unamzungusha mgombani?"

"Akilala tu, siku ya kuzaa si atanishinda? Na ndama... Kwani wewe ni ng'ombe?"

"Ningekuwa ng'ombe, mama, mtoto wangu angekuwa salama."

Nani humu hajawahi kuwa mama huyo? Ng'ombe tunamtunza kwa akili, maana ndama tunamtaka. Binadamu tunamtunza kwa sifa, ili watu waseme kwa fulani mkwe anapendwa. Sisi tunaogopa, halafu hofu yetu tunaibatiza, tunaiita upendo. Mungu alipomweka mtoto tumboni, alimkata mama yake miguu? Mkunga akisema lala, tulale. Akisema tembea, wewe unayemzuia umesomea wapi? Msiniitikie amina. Nendeni mkamwachie njia mkwe wenu.

Maana yule hakungoja ruhusa. Alivaa raba za mumewe, zinampwaya, akajifunga khanga juu ya tumbo. Mama mkwe akaja juu.

"Majirani watasema nimekufukuza!"

"Waambie narudi baada ya nusu saa, mama."

Akatoka, akafunga mlango.