Inalia Wapi?

Wapendwa, kabla hatujasimama kuomba nina mfano mmoja. Ni mfano tu, basi asianze mtu kugeuka nyuma kutafuta ni nani ninayemsema.

Alikuwepo fundi wa pikipiki, mwenye kibanda cha mabati karibu na soko. Fundi huyu ukimletea pikipiki hashiki spana kwanza. Anakuuliza, "Inalia wapi?" Ukimjibu, "Haina shida, fundi, wewe iangalie tu," anakurudishia ufunguo. "Ukinificha sauti," husema, "nitafungua injini nzima kutafuta kitu kilichoko kwenye mnyororo." Watu walimcheka kwa swali hilo, lakini walirudi kwake.

Huyu alikuwa mzee wa kanisa, na si mzee wa kukalia kiti cha mbele tu. Basi binti yake wa miaka minane akapatikana na saratani ya damu. Sitaeleza sana, maana wapo humu wanaoijua harufu ya wodi ile. Mtoto akalazwa hospitali ya rufaa, mama yake akahamia huko na beseni lake, dawa kali zikaanza kupita kwenye mshipa. Nywele zikanyonyoka zote.

Kanisa likaenda kuwaona. Mchungaji wao naye akaenda, ndiyo, mchungaji, msinitazame hivyo. Akaomba vizuri, akawaachia neno: "Ugonjwa msiukiri. Kinywa kinaumba. Mtoto akiulizwa, aseme amepona." Wazazi wakaitika amina, wakalishika neno lile kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo mtoto hakusema tena kwamba anaumwa. Wageni wakimuuliza, "Hujambo, mwanetu?" anawajibu, "Sijambo, nimepona kwa jina la Yesu," nao wanatoka wakifuta machozi, wanaambiana kwamba hiyo ndiyo imani.

Hebu niwaulize. Neno "sijambo" tunalijua? Maana yake sina jambo. Mtu amefiwa juzi, ukipiga hodi anakujibu sijambo. Mwingine ana homa, mwili unachoma kama jiko, naye hajambo. Ni adabu yetu, na adabu ni njema. Lakini ukienda nayo kwa daktari, akutibu nini?

Asubuhi moja fundi alikuja na chupa ya uji. Mama alikuwa nje anafua. Wodi imejaa, daktari ni mmoja. Daktari huyo akafika kitandani kwa mtoto, akasema leo ni zamu ya dawa.

"Hujambo, binti?"

"Sijambo."

"Hakuna mahali panapouma?"

"Hakuna. Nimepona."

Daktari akamtazama baba. Baba akatabasamu, tena kwa fahari kidogo. Daktari akaandika, akasema dawa itawekwa baada ya nusu saa, akaenda kitanda cha pili.

Fundi akamimina uji. Mtoto akajiinua kuupokea, na katika kujiinua pumzi yake ikakatika, kidogo tu, kisha ikaendelea. Mtu mwingine asingesikia. Lakini sikio lile lilikuwa limesikiliza injini miaka ishirini. Fundi akaweka kikombe chini, na swali likamtoka bila kulipanga, lile lile la kibandani.

"Mwanangu, inalia wapi?"

Swali hilo mtoto alilijua tangu anatambaa kwenye vumbi la mabati yale, na alijua kwamba anayeulizwa hivyo hatakiwi kuficha.

"Baba, nikisema nitakuwa nimekiri."

"Umekiri nini?"

"Ugonjwa. Halafu Yesu ataacha kuniponya. Na wewe utaaibika kanisani."

Ndugu zangu, mtoto wa miaka minane, hana unywele hata mmoja kichwani, ndiye aliyekuwa ameibeba imani ya mzee wa kanisa. Na mzee alidhani yeye ndiye amembeba mtoto.

Fundi akamshika mkono. "Hapa ni kibandani kwetu," akasema. "Fundi ni mimi. Niambie."

"Tumbo. Huku, upande wa kulia. Tangu Jumatatu. Ikizidi nang'ata shuka, ili mama asisikie."

Mzee wa kanisa alikimbia katikati ya vitanda kama mtoto aliyetumwa chumvi. Daktari akarudi, akalibonyeza tumbo taratibu, na uso wake ukabadilika. Dawa ya saratani ikasimamishwa, ikawekwa nyingine ya kuua vijidudu vilivyokuwa vimejificha tumboni.

"Mzee," daktari akasema, "mwili wa huyu mtoto sasa hauna askari. Ningempa dawa ile leo..." Hakumaliza, na baba hakumwomba amalize.

Mama akaingia na beseni lake, akaelezwa. Akakaa sakafuni pale pale. Mume wake akachuchumaa mbele yake. "Na wewe, mama watoto, inalia wapi?"

"Naogopa," mama akasema. "Nimeogopa tangu siku ile walipotutajia ugonjwa. Nilikuwa nawaimbia mapambio ili msijue."

Wakashikana mikono, wote watatu, baba akaomba. Lilikuwa ombi fupi kuliko yote aliyowahi kuomba maishani: "Bwana, mtoto anaumwa tumbo. Mama yake anaogopa. Na mimi sijui nishike spana gani. Tusaidie." Mtoto akasema amina. Kisha akalia, kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

Sasa mnataka kujua kama alipona. Nawaona. Nikisema alipona mtapiga makofi, mtakwenda kula wali, na mfano utakuwa umekufa. Tumbo lilitulia. Dawa kali zikarudi, kwa miezi mingi. Mfano wangu nauachia hapo, wao wakiwa bado wodini, wanaomba, na safari hii wanayemwomba anaambiwa ukweli.

Nani alimfundisha mtoto yule kwamba Mungu atakimbia akisikia anaumwa? Tusimsingizie shetani. Ni sisi. Sisi ambao kipindi cha ushuhuda tunampa kipaza sauti aliyekwisha kupona, na anayeumwa tunamwachia benchi la nyuma. Kuomba uponyaji nitaendelea, na nitaomba kwa nguvu. Lakini imani tumeigeuza kuwa namna ya kujibu salamu. Tunapiga magoti, Bwana anatuuliza hali, tunamwambia hatujambo, kisha tunashangaa mbona tumeinuka tukiwa vile vile. Na yeye mwenyewe, pale msalabani, hakusema sijambo. Alilia kwa sauti kubwa, mbele za watu, na hakuna anayethubutu kusema kwamba siku ile alikosa imani.

Kila Jumapili nasimama mlangoni pale nawashika mikono. Nauliza hamjambo, mnanijibu hatujambo, mchungaji, tunaagana. Leo sitauliza hivyo. Nitasimama pale pale, na ukinifikia nitakuuliza swali moja tu, na foleni itasubiri mpaka unijibu.

Inalia wapi?